Pikapu ya Shekalaghe

Breki isiyoachia huunguza gurudumu. Jana mlinisikia nikimwambia hivyo baba yenu, alipomkataza dada yenu Hamisa asiende Arusha kusomea ushonaji, na mkamwona anaacha chakula na kutoka nje. Nyinyi mkabaki kutazamana. Wengine wenu kazi yenu ni kupanda gari na kushuka, hata hamjui breki iko wapi. Basi sogeeni, wajukuu zangu, niwaeleze asili ya maneno hayo. Hayakutoka mbali. Yalizaliwa humu humu Soni, kwa kaka yangu wa tumbo moja, Shekalaghe, nami nilikuwepo.

Kaka alifiwa na mkewe wakati binti yao, Mwanaheri, ndiyo kwanza anang'oka meno ya utoto. Watu walimshauri aoe, au anipe mimi mtoto nimlee. Akakataa yote mawili. Alijifunza kusuka nywele, mwanzoni mistari ikienda kombo mpaka tukamcheka, baadaye ikanyooka hata majirani wakawa wanamletea watoto wao. Alimpikia uji, alimfulia sare, na akishuka Mombo kuuza kabichi kwa pikapu yake, mtoto alikaa mbele pamoja naye. Nayasema haya mapema msije mkamwona kaka yangu mtu mbaya. Alimpenda yule mtoto kupita kiasi.

Mwanaheri akakua, akasomea uuguzi huku huku milimani, akapata kazi Newala, kusini kabisa. Hapo ndipo mgongo wa kaka ulipoanza kuuma. Safari ya kwanza ilipopangwa, hakuweza kuinuka kitandani. Binti akaomba asogezewe siku, akakubaliwa. Safari ya pili ilipokaribia, mgongo ukarudi, safari hii na kizunguzungu juu yake. Huko hospitali wakampigia simu Mwanaheri wakamwambia kwamba asipofika mara ya tatu, nafasi atapewa mwingine.

Mimi nilikuwa namwangalia yule binti. Alikuwa mcheshi, mtu wa kuimba akiosha vyombo. Akaanza kukonda na kunyamaza. Baba yake akimuuliza ana nini, anasema hana kitu. Nikamwambia kaka kwamba mtoto anaisha huku tunamtazama. Akanijibu, huko Newala nani atakayejua kwamba homa ikimshika hapendi kuachwa peke yake? Nikarudi kwangu.

Safari ya tatu kaka hakuugua. Iliyougua ni pikapu.

Kwa muda mrefu ilikuwa ikivuta kushoto na kunuka kuungua, ila hakuna aliyejali. Barabara yetu ya kushuka Mombo mnaijua ilivyo, kila gari hufika chini likinuka. Madereva wa huku siku hizo walikuwa na desturi ya kuyamwagia magurudumu maji mara wafikapo chini, wakisema wanayapoza roho. Kaka ndiye aliyekuwa wa kwanza kushika ndoo. Sasa siku moja kabla ya Mwanaheri kuondoka, pikapu ikawa nzito, ikakataa kupanda kilima, na moshi ukatoka kwenye gurudumu la mbele la kushoto. Akaikokota hadi gereji ya Fundi Singano, akatuma watu watuite mimi na binti yake.

Tulimkuta akisikitika kwa mdomo, macho yanacheka. Alikuwa ameapa kwamba gari la mtu mwingine halitamshusha mwanawe kilima kile. Mwanaheri naye hakutaka kuondoka nyumbani kama mtoro, bila kusindikizwa na baba yake. Kwa hiyo pikapu ikilala, na safari imelala, na kazi imekwenda.

Singano aliiacha ipoe, kisha akaiendesha pole pole mahali tambarare bila kugusa breki. Aliporudi akatuambia tupitishe viganja karibu na magurudumu. Matatu yalikuwa ya baridi. La kushoto mbele lilikuwa la moto, hata kusogea karibu huwezi. Akatueleza kwamba mteremkoni yote huwa ya moto, ndiyo maana mgonjwa hakujulikana. Akapiga jeki. Gurudumu la kulia alilizungusha kwa kidole. La kushoto alilishika kwa mikono miwili na halikwenda. Akafungua kidogo nati ya kutolea upepo, mafuta ya breki yakadondoka, bado gurudumu limeganda. Akasema, lingekuwa bomba limeziba, gurudumu lingelegea sasa; basi ugonjwa uko kwenye kalipa yenyewe, kile chuma kinachozibana pedi kwenye sahani ya gurudumu.

Aliifungua, Mwanaheri akimpokelea nati kwenye pindo la khanga yake. Pedi moja ilikuwa imelika hadi chuma. Singano akajaribu kuirudisha ndani kwa kibano pistoni, kile kichuma kinachoisukuma pedi, akasukuma hadi jasho likamtoka, wapi. Akamuuliza kaka kama huwa anamwagia maji. Kaka akasema kwa fahari kwamba hajawahi kukosa.

"Ulikuwa unaionea huruma," Singano akasema taratibu. "Lakini mpira wa kuzuia vumbi umechanika, maji yameingia, pistoni imeshika kutu."

"Kwa hiyo breki haishiki?"

"Inashika sana, mzee. Ukikanyaga inabana vizuri tu. Ila ukitoa mguu, haiachii. Gurudumu linakwenda huku limebanwa, mpaka linaungua."

Kaka aliinama akaitazama sahani ya gurudumu, iliyogeuka rangi ya buluu kwa moto. Kisha, kwa sauti ya chini, akamwambia fundi kwamba vifaa hivi kwa kawaida huagizwa Tanga, basi viagizwe tu, yeye hana haraka. Mwanaheri akageukia pembeni.

"Kalipa ninayo ndani," Singano akasema. "Nzima."

Nilitaka kumcheka kaka yangu, nikajikuta nalia.

Ikafungwa kalipa, zikawekwa pedi mpya pande zote mbili, na sahani nyingine. Ikabaki kutoa upepo ulioingia kwenye mabomba ya breki. Singano alihitaji mtu wa kukanyaga breki, akamweka kaka kwenye usukani, yeye akalala chini kando ya gurudumu. Ikawa akisema kanyaga, kaka anakanyaga. Shikilia, anashikilia. Fundi anafungua nati, upepo unatoka, anaifunga, anasema achia. Walikwenda hivyo vizuri, mpaka ikafika mara moja fundi akasema achia, na kaka hakuachia. Alikuwa anamtazama Mwanaheri kupitia kioo cha mbele.

"Achia, mzee," Singano akarudia.

Mguu haukutoka. Mwanaheri akaenda dirishani, akaweka mkono kwenye goti la baba yake.

"Baba, toa mguu."

Akautoa.

"Mwanangu, nimekubana."

"Ulikuwa unanipenda, baba."

"Nilikuwa nakupenda. Na nimekubana vilevile. Mgongo wangu mzima, mama. Siku zote ulikuwa mzima."

"Nilijua," Mwanaheri akasema, akamfuta machozi kwa khanga ile yenye grisi, akamwachia doa shavuni. Singano alikuwa bado chini ya gari, anatafuta spana aliyokuwa ameishika mkononi.

Asubuhi tuliteremka watatu. Pikapu ilikwenda imenyooka, na kila kona kaka alikanyaga, ikashika, akatoa mguu, ikaachia. Mombo basi lilikuwa linanguruma tayari. Mwanaheri akapanda, akaketi dirishani, baba yake akaushika mkono wake kutoka nje. Basi likaanza kutambaa, naye akatambaa nalo, mkono ndani ya mkono, nami nikawa nawaza, huyu atakwenda hivi hadi Newala. Kisha nikaona vidole vya kaka vinafunguka, kimoja kimoja.

Alibaki katikati ya stendi, machozi yanatiririka hadharani, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe. Madereva wenzake, ambao kisa cha mgongo walikijua, wakamzunguka. Mmoja akamtania kwamba wao walishaweka dau kuwa leo tena ataumwa, imekuwaje akamwachia mtoto wake wa pekee?

Kaka akajipangusa uso kwa kiganja.

"Breki isiyoachia, ndugu zangu, huunguza gurudumu."