Vibuyu Arobaini vya Msengi

Mwita ndege huacha pa kutua. Mmeyasikia maneno hayo leo kwenye kikao cha wazazi, mwenyekiti alipomkatiza yule mama kwa mara ya tatu. Mzee mmoja wa nyuma aliyatamka taratibu. Ninyi vijana mkaanza kuulizana ndege wanaingiaje katika habari za madawati. Wanaingia vizuri sana, ila hamuwezi kuona mlango wao mpaka mumjue Msengi, aliyeishi upande wa Iramba enzi za magobore, na tetere aliotaka kumpikia mkwe wake.

Msengi alikuwa mkulima hodari na msemaji hodari zaidi. Hakuwa mtu mbaya, na hilo nalisema mapema msije mkamhukumu. Hakuwa mlevi, hakumwinulia mtu mkono, na jembe lilimtii. Ila mdomo wake haukuwa na komeo. Ukimsalimu, atakujibu, atakuuliza habari za nyumbani, atajijibu mwenyewe kwa niaba yako, kisha atakuaga. Wenzake walisema kwamba ukiwa na habari ya kumpa Msengi, mwandikie barua.

Mkewe, Mwajabu, alikaa naye miaka mitano na hawakujaliwa mtoto. Msimu ule, palizi ilipokwisha, alifunga nguo zake katika kanga akarudi kwa baba yake, kijiji cha pili. Msengi alimfuata kuuliza sababu. Alisimama uani kwa wakwe kuanzia saa tatu hadi saa sita akieleza jinsi asivyoijua hiyo sababu. Mwajabu alimsikiliza akiwa mlangoni mpaka Msengi alipomeza mate, ndipo akasema, "Kwako sina pa kuweka neno," akaingia ndani.

Miezi ikapita. Uwele ulipoanza kuvunwa, baba yake Mwajabu, Mzee Kitundu, alimtumia Msengi ujumbe. Jumamosi atamleta binti yake mwenyewe, watakula pamoja na kusikilizana. Ikishindikana siku hiyo, Msengi asiwafuate tena.

Msengi hakulala vizuri tangu apate ujumbe ule. Alimpenda mkewe, na nyumba ilikuwa imepoa kama jiko la msibani. Lakini kwanza palikuwa na jambo la chungu. Mkwe hakaribishwi kwa maharage, na kuku wote wa Msengi walikuwa wamekufa kwa kideri. Alichobaki nacho ni shamba la uwele lililovunwa nusu. Katika nusu ile iliyovunwa, tetere, wale njiwa pori wa kijivu wenye utepe mweusi shingoni, walishuka kuokota punje zilizoanguka. Isitoshe, Mwajabu alipenda mno tetere walioungwa kwa karanga. Basi Msengi akaona kitoweo chake kinaruka juu ya kichwa chake kila asubuhi. Ilikuwa Jumatano.

Gobore la marehemu baba yake lilikuwa ukutani, na kibali chake alikuwa nacho, ila hakuwahi kuwinda ndege. Alikwenda kwa Ntandu, mzee aliyewinda tetere tangu ujana wake na ambaye, kinyume cha Msengi, maneno aliyatoa kama mtu anayegawa chumvi wakati wa uhaba.

"Kesho utaacha bunduki nyumbani," Ntandu alimwambia.

"Bila bunduki nitawinda na nini, babu?"

"Na macho."

Alhamisi walikaa ukingoni mwa shamba tangu alfajiri hadi jua lilipokuwa kali. Ntandu alitaka mwanafunzi wake aone tetere wanatokea upande gani, wanapumzika juu ya mti upi kabla ya kushuka, na wanapenda kipande kipi cha shamba. Anayeanza uwindaji, alisema, huchagua mahali panapompendeza yeye, naye ndege ameshachagua pake. Kisha alimwonyesha upepo kwa kurusha vumbi la makapi. Tetere hutua akiuelekea upepo, kwa hiyo mwindaji huuweka mgongoni pake, ili ndege aje kwake uso kwa uso.

Akamfundisha pia kujenga maficho kwa mabua ya shamba lile lile, kwa kuwa jani geni humtia ndege wasiwasi. Uso upakwe masizi, mikono itulie. Gobore lina risasi moja, na kulishindilia tena baruti na marisau ni kazi ya muda mrefu, kwa hiyo usifyatue mpaka ndege ashushe miguu. Na mtutu usiuelekeze kamwe mahali usipopaona mwisho wake, maana nyuma ya uwele hukosi mtoto wa mtu anayechunga.

"Sasa vya kuwaitia," Ntandu alisema. "Tafuta vibuyu vidogo, uvipake majivu, shingoni uchore utepe wa masizi. Tetere akiwaona wenzake wanakula chini, hushuka. Viwe kumi na viwili. Vipange kama walaji waliokizunguka chungu wakabakiza upande mmoja kwa ajili ya anayekuja."

Hayo ya mwisho ndiyo yaliyokuwa ya maana kuliko yote, na ndiyo Msengi hakuyasikia. Aliposikia neno "vibuyu" alikumbuka kibuyu cha babu yake kilichowahi kuvuka mto katika mafuriko bila kupasuka, na hesabu ilipotajwa tu akaanza kukisimulia. Ntandu alimtazama tu. Hakuwa mtu wa kurudia.

Usiku ule Msengi alipaka vibuyu arobaini. Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Kama kumi na viwili vinaita, arobaini vitapiga yowe.

Ijumaa alfajiri alivimwaga vyote mbele ya maficho yake, kimoja karibu na kingine, mpaka ardhi ikawa ya kijivu. Akapaka uso masizi, akakaa. Tetere walikuja kama alivyoahidiwa, wakatokea upande ule ule, wakapumzika juu ya mgunga ule ule. Wakaruka kuja shambani, wakazunguka mara moja juu ya vibuyu, wakageuka wakaenda kwa jirani. Kundi la pili likafanya hivyo hivyo. La tatu lilipogeuka, Msengi alifyatua angani kwa hasira, akaangusha unyoya mmoja. Alipomaliza kulishindilia gobore upya, anga lilikuwa tupu kabisa. Makundi mawili yaliyokuja baadaye nayo yakazunguka yakaondoka.

Saa tano alianza kuogopa. Hakuogopa kukosa nyama tu. Alimwona mkwe wake akinawa mikono mbele ya sahani ya maharage, na Mwajabu akiangalia chini, na njia ya kurudi kwao ikiwa wazi.

Ndipo Ntandu akaja, mkongojo mkononi, akasimama nyuma ya maficho.

"Wamepita mara ngapi?"

"Mara tano, babu. Wanazunguka, wanaondoka. Nadhani ni rangi. Majivu ya mgunga ni meupe mno, ningetumia ya mkwaju. Au ni utepe, labda utepe nimeuchora mnene, maana jana taa ilikuwa..."

Ntandu aliinua mkongojo kidogo, Msengi akakoma.

"Wewe sasa ni tetere," mzee alisema. "Umetoka mbali, una njaa. Umewaona wenzako wanakula, umefurahi. Unashuka. Nionyeshe utakapokanyaga."

Msengi aliyatazama mapambo yake. Alitazama kushoto, alitazama kulia, akanyoosha kidole kisha akakirudisha. Hakupata mahali penye upana wa kiganja.

Ntandu aliingia katikati ya vibuyu, akaviondoa kimoja kimoja kwa ncha ya mkongojo na kuvitupia kapuni, vyote ishirini na vinane. Vilivyobaki akavipanga kwa duara lenye pengo, hatua ishirini kutoka kwenye maficho, midomo yao ikiuelekea upepo. Hakueleza. Alikuja akaketi karibu na Msengi, wakangoja.

Tetere wa kwanza alifika peke yake. Akazunguka. Msengi akainua gobore, na mkono wa mzee ukashuka juu ya mtutu.

"Anauliza kama pana nafasi," Ntandu alinong'ona. "Mwache aulize."

Tetere akazunguka tena, na nyuma yake wakaja wengine, wakashusha miguu juu ya lile pengo. Mkono wa mzee ukaondoka kwenye mtutu. Kwa mlio mmoja wakaanguka watatu, na hadi jua lilipopinda chungu cha Jumamosi kilikuwa na tetere wanane.

Mngedhani sasa Msengi alikuwa amejifunza. Alijifunza mambo ya ndege. Ya watu bado. Ijumaa jioni hiyo hiyo alikwenda mlango kwa mlango kuwaalika baba zake wadogo wawili, rafiki zake wa rika, balozi wa nyumba kumi na Ntandu mwenyewe, jumla watu tisa, waje kushuhudia mbele ya mkwe kwamba yeye ni mume mwema. Aliazima vigoda. Jumamosi, kabla jua halijawa kali, kila kigoda kilikuwa na mtu wake na kila mtu alikuwa na hotuba yake. Shangazi mmoja alikuwa jikoni na chungu.

Mzee Kitundu aliingia, akapewa kiti chenye mgongo. Msengi alikwisha kuanza kusema tangu wageni walipokuwa njiani. Alisema juu ya jua, juu ya uwele, juu ya kideri kilivyomaliza kuku, juu ya heshima aliyonayo kwa ukoo wa mkewe. Mwajabu alikuwa amefika mlangoni. Alisimama pale, mkono mmoja juu ya mwimo, akatazama ndani. Macho yake yalipita kwenye vigoda vyote, kimoja baada ya kingine. Halafu akageuza uso kuelekea njiani.

Msengi aliona ule uso ukigeuka, na mgeuko ule alikuwa ameuona jana mara tano kwa tetere. Akaikata hotuba yake katikati.

"Jamani," alisema, "naomba mtoke nje."

"Tutoke?" baba yake mdogo alishangaa. "Si umetuita tukusemee?"

"Nimewaita mimi, baba mdogo, na kosa ni langu. Chakula mtaletewa."

Ntandu ndiye aliyeinuka kwanza. Wengine wakamfuata wakinung'unika, na sebule ikabaki na baba mkwe, mume, na vigoda tisa vitupu. Mwajabu aliingia. Alichagua kile kilichokuwa karibu na mlango.

Wakakaa kimya. Msengi hakuwahi kukaa kimya kirefu hivyo akiwa macho. Kinywa kilimfunguka mara mbili, na mara zote mbili alikumbuka mkono wa mzee juu ya mtutu, akakifunga. Aliona Mwajabu akivuta pumzi kama anayetaka kusema, kisha akaiachia. Mwache aulize, alijiambia.

"Uwele ulipofika magotini," Mwajabu alisema hatimaye, "nilikuwa na mimba."

Mzee Kitundu akamgeukia binti yake. Hata yeye hakuwa na habari.

"Ilitoka wakati wa palizi, pale pale shambani. Nikaja nyumbani nikuambie. Ulikuwa na wageni, unawasimulia habari ya fisi aliyeingia zizini. Nikangoja waondoke. Walipoondoka ukaanza kunisimulia mimi. Kesho yake nikajaribu tena, nikasema, 'Msengi, jana shambani,' ukanieleza ya shambani. Siku ya tatu nikaona hata hili nikilisema, wewe ndiwe utakayenieleza lilivyokuwa. Nikafunga nguo."

Msengi alilia. Alikuwa amengoja miaka mitano kusikia neno mimba, na sasa alilisikia pamoja na mazishi yake. Aibu ilimshika kuliko huzuni, maana aliyakumbuka yote, hata yule fisi.

"Msengi," Mzee Kitundu akamwuliza, "una neno?"

Watu waliokuwa nje walitega masikio, kwa kuwa hawakuwahi kusikia Msengi akiulizwa swali hilo.

"Sina, baba," alisema. "Kama analo jingine, ninamsikiliza."

Mwajabu alikuwa nayo mengine, ya miaka mitano. Aliyasema bila haraka, na palipohitaji kimya alinyamaza, na kimya chake hakikujazwa na mtu. Jua lilikuwa limevuka utosini alipokoma ghafla, akanusa hewa.

"Nani yuko jikoni?" aliuliza. "Karanga zinaungua."

Akainuka, hakuelekea njiani. Alipita mlango wa ndani, na huko nyuma wakamsikia akimwomba shangazi mwiko. Mzee Kitundu alivua kofia yake akaiweka juu ya kigoda cha jirani, kama mtu aliyemaliza safari.

Huko nje baba mdogo alikuwa bado na kinyongo. "Mtu anakuita, kisha anakutoa," alilalamika. "Ndiyo adabu gani hiyo?"

Ntandu alikuwa akichora vumbi kwa mkongojo, duara lenye pengo upande mmoja. "Mwita ndege huacha pa kutua," alisema.

Kama Msengi na Mwajabu walipata mtoto baadaye, mtu mwingine atawaambia. Mimi nilipewa hadi hapo. Najua tu kwamba katika nyumba ile palikuwa na kigoda kimoja karibu na mlango ambacho Msengi hakukikalia hadi alipokufa, na hakumruhusu mgeni kukikalia. Na yule mama wa leo kikaoni alikuja na jambo lake kutoka mbali, akazunguka mara tatu, mkamwona akiondoka nalo. Mwenyekiti ndiye aliyemwandikia mwaliko. Mwita ndege huacha pa kutua.