Kwa Nini Juisi ya Bungo Hunywewa kwa Kusimama

Kulikuwa na wakati ambapo watu wa Mtaa wa Mikungu Saba walikunywa juisi ya bungo wakiwa wamekaa. Nyinyi mliozaliwa juzi mnadhani ni utani. Walikaa, tena kwa kujiachia, miguu wameinyoosha, mgongo kwenye shina la mkungu, kikombe kimoja nusu saa. Bustani haikuwa na ukuta wala geti. Haikuwa na mwenyewe pia. Kilikuwa kiwanja cha majani chenye miti saba mikubwa ya mikungu, na hakuna aliyekumbuka nani aliipanda. Msimu wa mabungo ukiingia, wiki tisa tu kwa mwaka, akina mama walikuja na ndoo zao, wakachagua kivuli, wakauza. Msimu ukiisha waliondoka, na majani yakaota tena pale walipokalia. Hakuna aliyemwuliza mtu chochote.

Chini ya mkungu wa tatu alikaa Bi Siwema. Miaka ishirini na miwili, palepale. Juisi yake ndiyo iliyosifiwa: alichemsha mabungo na mbegu zake, akachuja mara mbili kwa kitambaa, akatia sukari na iliki, ikatoka na rangi ya kiini cha yai la kienyeji. Kwa juisi hiyo alimsomesha bintiye, Mwanakheri, mpaka chuo kikuu.

Mwanakheri alirudi na degrii ya Mipango na Maendeleo ya Jamii. First class hiyo, si ya kubebwa. Miaka minne akaandika barua za maombi. Alichapisha CV mpaka mwenye steshenari akaijua kwa moyo. Na maofisa wote walimjibu kwa neno moja, kana kwamba wamelelewa nyumba moja: "Tutakupigia." Simu ikazeeka mkononi mwake. Ndipo akaanza kushinda bustanini akimsuuzia mama yake vikombe, na kichwa kile kilichofunzwa kupanga, kwa kukosa cha kupanga, kikaanza kumtazama mama. Aliona magoti yanavyovimba kila siku. Aliona mvua ya vuli ikimkuta wazi. Aliona maji ya kusuuzia yakibebwa kwa galoni kutoka msikitini. Akawaza: kibanda. Kibanda cha msimu, cha makuti, chenye meza, benchi mbili za wateja, bomba, na kiti chenye mgongo kwa ajili ya mama. Mabungo yakiisha kinavunjwa na kuwekwa hadi mwakani.

Lilikuwa wazo zuri. Hata leo ni zuri. Tatizo ni kwamba Mwanakheri alikuwa msomi, na msomi hapigilii msumari kabla hajaandika andiko. Mtu mwingine yeyote wa mtaa ule angebeba makuti yake asubuhi, na kufikia adhuhuri kibanda kimesimama, watu wanakunywa. Yeye alipima bustani nzima kwa hatua, akachora, akapaka rangi, akaandika kurasa kumi na moja zenye malengo makuu na malengo mahususi.

"Unamwomba nani?" Bi Siwema aliuliza.

"Wenye bustani, mama."

"Kina nani hao?"

"Serikali ya mtaa, nadhani."

Somoe, muuza achari wa mkungu wa nne, alicheka akashika ubavu. "Shoga, binti yako anamtafuta mwenye kuku, amwombe yai ambalo keshalila!"

"Procedure, mama mdogo," Mwanakheri alimjibu. "Tukifuata utaratibu, hakuna atakayetugusa."

"Kwani sasa hivi nani anatugusa?"

Swali hilo lilipita. Mwanakheri alikuwa anatafuta bahasha.

Mwenyekiti wa mtaa, Mzee Sufiani, hakuwa mtu mbaya. Watu hupenda awe mbaya ili wapate wa kumlaani na kulala salama. Tangu utotoni alikuwa akiipita bustani ile, na hakuwahi hata siku moja kudhani kwamba ni yake. Alipokea bahasha, akavaa miwani, akasoma kichwa cha habari: Maombi ya Kibali cha Kutumia Bustani. Akarudia. Kisha akainua macho, akaitazama mikungu kupitia dirishani kama mtu anayesomewa urithi wa mjomba asiyemjua.

"Kumbe," alisema.

"Ndiyo, mzee. Ni cha msimu tu."

"Kwani kabla yako tumewahi kumpa mtu kibali pale?"

"Hapana, mzee, ndiyo maana nikaona..."

"Sasa wale wanaouza pale, wanauza kwa kibali gani?"

Mwanakheri alifungua mdomo. Chuo kilimfundisha majibu mengi, hilo halikuwamo. Akanyoosha mkono achukue karatasi zake, lakini mhuri ulikuwa umeshagongwa: IMEPOKELEWA.

Kesho yake tangazo likapigiliwa kwenye mkungu wa kwanza. Biashara zote bustanini zisimame hadi suala la vibali lishughulikiwe. Wiki ya pili ya msimu hiyo! Somoe alilisoma, akafunga achari zake, akampita Mwanakheri bila salamu.

Kamati ya mtaa ikakaa. Kamati ikanywa chai. Ikamwita Mwanakheri atoe prezentesheni, akatoa, wakampigia makofi. Mjumbe mmoja akauliza kama kibanda kitakuwa na choo, mwingine akauliza kwa nini kisiwe cha nyama choma. Alikwenda kufuatilia Jumatatu, akaambiwa Jumatano. Jumatano akaambiwa mwenye faili yuko semina. Nyumbani mabungo yakanyauka kwenye gunia, yakaanza kunuka pombe, yakamwagwa. Wiki ya sita kamati ikaleta mafundi na matofali kuizungushia bustani ukuta. Ukuta ulijengwa kwa kufuata mchoro wa Mwanakheri, maana ndio mchoro pekee wa bustani uliokuwapo duniani, na vipimo vyake havikukosea hata hatua moja. Wanasema elimu haipotei. Ni kweli, haikupotea.

Majibu yalitoka wiki ya saba. Ombi limekubaliwa kimsingi. In principle, wakaongeza wenyewe, wakapigia mstari. Isipokuwa ndani ya ukuta sasa ni sehemu ya kupumzishia macho, hakukaliwi wala hakuliwi ndani yake; na nje ya ukuta ni hifadhi ya barabara, hairuhusiwi kutua kitu chini. Kibanda, kwa maneno mengine, kimeruhusiwa. Mahali ndipo hapapo.

Mwanakheri alimsomea mama yake barua ile uani. Bi Siwema alisikiliza mpaka jina la aliyeweka saini.

"Mwanangu," alisema, "umeomba ruhusa ya kitu ambacho hakuna aliyetukataza."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angesema kwa hasira. Asubuhi yake alijitwika ndoo kichwani, akaenda kuuza kando ya ukuta, akizunguka, kwa kuwa kutembea kulikuwa bado hakujakatazwa.

Wiki hiyohiyo ikatangazwa kazi, moja tu, ndiyo pekee iliyozaliwa na maendeleo yote yale: mlinzi wa bustani. Sifa za mwombaji, awe na elimu na aijue bustani vizuri. Safari hii simu ikapigwa kweli. Mwanakheri aliiacha iite mpaka ikakatika, ikaita tena. Aliapa mbele ya mama yake kwamba hatokwenda, bora afe njaa.

"Nenda," Bi Siwema alisema, akijichua magoti kwa mafuta ya karafuu. "Angalau mmoja wetu atakaa kivulini."

Akaenda. Wakampa shati la kaki na filimbi.

Msimu ulikuwa umebakiza siku mbili. Alasiri hiyo kivuli cha mkungu wa tatu kilivuka ukuta kikalala barabarani, kipande cha ukubwa wa mkeka. Bi Siwema alikuwa amezunguka tangu asubuhi. Alipofika pale, magoti yakagoma. Akamwomba mteja amsaidie kuitua ndoo, wakaitua. Akaushika ukuta, akaanza kujishusha polepole aketi. Mteja naye akachuchumaa pembeni yake na kikombe chake. Mzee Sufiani alikuwa getini na wageni kutoka wilayani, akiwaonyesha matofali. Akaona. Alimtazama Mwanakheri, kisha akaitazama filimbi.

Mwanakheri akaitia filimbi mdomoni. Wapo wanaosimulia kwamba alifumba macho. Hakufumba. Alimtazama mama yake, na mama yake akamtazama yeye, na mama ndiye aliyetikisa kichwa kwanza, kidogo tu, kama anayesema haya, fanya.

Akapuliza.

Bi Siwema akanyooka. Mteja akaruka kama aliyekutwa anaiba, akamtwika ndoo, akanywa juisi yote kwa mkupuo mmoja, akarudisha kikombe, akaondoka bila kuaga.

Kuanzia filimbi ile mpaka msimu huu tulio nao, hakuna anayekunywa bungo kwa kukaa katika Mtaa wa Mikungu Saba. Muuzaji hatui ndoo. Mnywaji haegemei ukuta. Hakuna mtu wa mtaa ule anayeomba ruhusa tena: huchimba kisima, huezeka nyumba, huoa, serikali husikia baadaye kama majirani wengine. Na mlinzi wa bustani siku zote ni mwenye degrii; mmoja akichoka, foleni ya kumpokea ni ndefu kuliko ukuta. Hukaa ndani peke yake, na vivuli saba.

Kwa hiyo ukipita pale ukauziwa, kunywa upesi na urudishe kikombe. Mlinzi wa sasa naye ana mama, na ndoo ni nzito.