Ubao wa Vivuli wa Bi Minza

"Kivuli kitupu hakirushi ndege."

Vijana wawili wa karakana ya ndege, Sayi na Ng'wandu, walinijia mchana mmoja wakiwa na maneno hayo mdomoni na hasira usoni. Walikuwa wamemaliza kutengeneza ndege ndogo, lakini tochi yao moja haikujulikana ilipo. Kabula, mkaguzi wao, alikataa katakata ndege itoke. Akawaambia methali hiyo, kisha akawaambia wakitaka kujua ilikotoka, waje wamuulize Mzee Nkwabi, ndiye mimi, nyumba ya tatu kutoka geti la karakana.

Kabula ana makusudi yake. Namjua tangu akibebwa mgongoni. Niliwakaribisha vijana, nikawaonyesha chupa ya chai wajimiminie wenyewe, kwani magoti yangu niliyaacha karakanani. Kisha nikawaambia kwamba methali hii haikutoka kwa wahenga. Ilitoka kwa mwanamke mmoja, Alhamisi moja, saa nane mchana, nami nilikuwa nimesimama mbele yake natokwa na jasho. Ilikuwa hivi.

Leo karakana ina mahanga manne, yale mabanda makubwa ya ndege, na wafanyakazi zaidi ya mia tatu, na kantini ina feni. Sisi tulianza watu ishirini na wawili, ndani ya hanga moja la bati ambalo mvua ikinyesha tulisemezana kwa mikono. Wengi wetu hatukuwahi kugusa ndege. Mimi nilitoka kiwanda cha kuchambua pamba kilipofungwa. Mwenzangu alitoka gereji ya malori, mwingine alikuwa fundi baiskeli. Tulifundishwa upya kama watoto wa darasa la kwanza. Jioni tulikatiza mjini na ovaroli zetu za buluu, hatutaki kuzivua, na watu wakituita mafundi wa angani. Jamani, raha ile sijaipata tena.

Zana zetu zilitunzwa na Bi Minza, mama yake Kabula, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alizining'iniza kwenye ubao mkubwa mweupe, na nyuma ya kila zana alichora umbo lake kwa rangi nyekundu, kwa mkono wake mwenyewe. Umbo hilo tuliliita kivuli. Ukichukua spana, uliacha kibati chenye namba yako kwenye msumari wake. Changu kilikuwa kumi na nne. Ukiirudisha, ulichukua kibati chako. Na ndege haikutoka mpaka Bi Minza atie saini kwamba vivuli vyote vimefunikwa, kwa sababu zana iliyosahauliwa ndani ya injini ni kifo. Sisi tuliotoka kwenye pamba tulimcheka chinichini. Kule kwetu spana ikipotea uliazima ya jirani, kazi ikaendelea.

Mwaka wetu wa nne, wenye kampuni walitangaza kwamba watajenga hanga kubwa la kuajiri watu mia mbili. Miji miwili iligombea, wetu na mmoja wa mbali. Wageni wangekuja Alhamisi kuona ndege ikikamilishwa na kuruka saa nane kamili, kisha wangeamua. Mji mzima ulipandwa na homa. Vijana walipeleka barua za maombi ya kazi kabla hata msingi haujachimbwa. Mama lishe mmoja alihamishia majiko yake kwenye kiwanja kitupu jirani na uwanja wa ndege, akasema anawahi nafasi, na mtaa ule unaitwa Hanga Jipya mpaka leo. Kabula alikuwa ndiyo kwanza amemaliza shule. Jina lake lilikuwa la tatu kwenye orodha ya waombaji.

Alhamisi hiyo mimi ndiye niliyekaza injini. Nilifunga kifuniko, nikakusanya zana zangu, nikakuta spana namba kumi haimo. Nilitafuta chini ya ndege, nikatafuta mifukoni, nikatafuta hata ndani ya viatu. Nje wageni walikuwa wanashuka kwenye gari, na Bi Minza alikuwa ameitwa kuwasalimu. Hapo nikakumbuka kwamba sandukuni mwangu nilikuwa na spana namba kumi ya kule kwenye pamba. Niliipangusa grisi, nikaining'iniza ubaoni, nikachukua kibati changu. Nilijiambia ile nyingine itaonekana tu. Mkono haukutetemeka, na hilo ndilo linaloniaibisha hadi leo.

Bi Minza alirudi, akaanza kukagua kama kawaida yake, akipitisha kidole kivuli kwa kivuli. Alipofika namba kumi, kidole kikasimama.

"Nkwabi," akaniita, "spana hii imesinyaa lini?"

Nikatazama. Pembeni mwa spana yangu wekundu ulichungulia, upana wa ukucha.

"Ni ileile, Bi Minza. Labda rangi imetapakaa."

"Rangi niliipaka mimi. Haijui kutembea."

Meneja wetu, Bwana Kihwelo, akaja mbio, tai imemkaa upande. Wageni walikuwa wameshakaa kwenye viti, na rubani yuko ndani ya ndege.

"Mama, tia saini basi. Saa nane hiyo."

"Kuna kivuli kitupu, Bwana Meneja."

"Kitupu wapi? Mbona naona spana hapo?"

"Huyo ni mgeni. Mwenyewe hayupo."

Bwana Kihwelo akapunguza sauti. "Mama Kabula, nakusihi. Mji mzima unatutazama sisi. Mwanao yumo kwenye orodha. Kweli hanga liende kwa wenzetu kwa sababu ya spana moja?"

Bi Minza akautazama ubao wake. Akaiweka kalamu mezani. "Mwanangu namtakia kazi kuliko unavyomtakia wewe," akasema. "Lakini kivuli kitupu hakirushi ndege."

Meneja akanigeukia mimi. "Nkwabi, wewe ndiye uliyefunga injini. Una hakika hukuiacha ndani? Sema una hakika, saini nitatia mimi."

Nilitazama kwenye ndege. Rubani alikuwa anafunga mkanda. Aliponiona akanipungia mkono, kwa kuwa tulizoea kula pamoja.

"Sina hakika," nikasema.

Injini ikafunguliwa. Tulitafuta saa mbili nzima, tukaikuta spana imejilaza kando ya fimbo ya kuongozea mafuta, imetulia kama paka jikoni. Ndege ingetikisika kidogo tu, spana ingeibana fimbo ile, na rubani asingeweza tena kuiongoza injini. Rubani aliishika mkononi kwa muda mrefu. Kisha akanirudishia mimi. Alitoka nje akaketi chini, kwenye lami.

Nilipofika hapo, Ng'wandu alitabasamu. "Wageni wakafurahi, wakatupa hanga," akasema.

Wapi! Wageni walikuwa wameshaondoka, na hanga kubwa likajengwa kwa wenzetu. Bi Minza alitukanwa sokoni. Kabula hakusema na mama yake mwezi mzima, na miaka mitatu akauza vitenge huku barua yake ya maombi ikikaa kabatini kwa meneja. Mimi niliondolewa kwenye injini, nikawa mwosha ndege, na nilistahili. Kila asubuhi nilimpita Bi Minza anapangusa ubao wake, naye aliniitikia salamu vilevile kama zamani.

Ila yule rubani alikuwa na mdomo. Kila kiwanja alichotua alisimulia. Wenye ndege wakaanza kuambizana, pelekeni kwa yule mama wa vivuli. Ikaja moja, zikaja mbili, mpaka nyingine zikawa zinasubiri nje kwa kukosa nafasi. Hanga la pili hatukupewa na mgeni yeyote, lilijengwa kwa sababu ya foleni. Kabula aliajiriwa wiki lilipofunguliwa. Bi Minza tulimzika mwaka juzi, na nakiri kwamba nikipita pale bado namtafuta kwa macho.

Hapo nikamaliza kusimulia. Ng'wandu alikuwa ameshamaliza chai. Kikombe cha Sayi kilikuwa kimejaa, na utando umetanda juu.

"Hiyo tochi," nikauliza, "nani aliishika mwisho?"

"Mimi, babu," Sayi akajibu. "Nilimwambia dada Kabula kwamba nimeiacha nyumbani."

"Una hakika?"

Alitazama kikombe, akamtazama mwenzake. Nilijua kinachompitia. Nilishasimama pale aliposimama.

"Sina hakika," akasema, na machozi yakamtoka.

"Basi nenda ukamwambie hivyohivyo. Hakufukuzi. Kwa nini unadhani amekutuma kwangu?"

Alisimama, akakimbia kuelekea getini, ovaroli yake ya buluu ikipepea, Ng'wandu nyuma yake. Nilibaki kibarazani nikitega sikio. Alasiri yote hakuna injini iliyonguruma, nami sikuwa na haraka, maana kivuli kitupu hakirushi ndege.