Nati ya Kwanza ya Bwana Zahoro

Alikuwapo Bwana Zahoro, mwenye kiwanja cha gereji na kiburi cha kukijaza. Alilinunulia gari lake rimu zinazong'aa kama sinia za harusi, kisha akataka breki kubwa zikae ndani yake. Mafundi wawili walimwambia hazienei, akawafukuza kiwanjani. Akabaki fundi Shekue.

"Na wewe utasema hazienei?"

"Mimi ni nani, Bwana mkubwa? Breki nazifunga leo. Ila gari la heshima, rimu hupachikwa na mwenyewe, na nati ya kwanza hukaza yeye. Kesho Ijumaa, watu wakitoka msikitini."

Zahoro akavimba kifua. Kesho yake, mbele ya umati, alikunja mikono ya kanzu, akapiga bismillahi, akapachika rimu. Ikagota kwenye breki. Akasukuma, akapiga teke, kofia ikamdondoka.

"Sukumia tumbo, Mzee!" mtu akapaza sauti.

Angesemaje? Kwamba wale aliowafukuza walisema kweli?

"Rimu zenyewe takataka!" alifoka. "Shekue, ziondoe machoni pangu, sizitaki tena!"

"Sawa, Bwana mkubwa," Shekue alijibu, ameinamisha kichwa.

Jioni pikapu kuukuu ya Shekue, yenye vibreki kama visosi, ilipita barazani kwa Zahoro ikimeremeta magurudumu yote manne.