Mbwa Haoni Kidole

"Mbwa haoni kidole, humwona aliye mbele yake."

Maneno hayo aliyasema Oresta Mlelwa, mganga wa mifugo mstaafu, siku ya chanjo ya mbwa katika kijiji cha Itengelo, huko juu Njombe. Kijana mmoja alikuwa amemchapa mbwa wake kwa nyuma ili atulie kwenye foleni. Mbwa hakumgeukia aliyemchapa. Alimrukia mbwa wa jirani aliyekuwa mbele, akamng'ata sikio. Vijana walimuuliza bibi methali hiyo imetoka wapi, kwani shuleni hawakuisoma. Bibi Oresta aliweka bomba la sindano ndani ya kisanduku, akavuta ndoo, akaikalia. Aliwaambia haijafikisha hata miaka ishirini, na kwamba ilianza hivi.

Kastori Mwalongo alikuwa seremala. Karakana yake ilikuwa barazani pa nyumba yake, na hapo ndipo alipomlea mbwa aliyeitwa Posta. Jina hilo alipewa kwa sababu tangu udogoni alikuwa akibeba vitu vya watu: kiatu cha huyu alikipeleka kwa yule, na kofia ya yule aliileta huku. Alikuwa mbwa mkubwa, mwekundu, asiye na hila. Kosa lake lilikuwa moja tu: kila kilichosogea alikikimbilia.

Mwaka mmoja, baridi ilipokuwa kali, Posta aliwakimbiza kondoo wa Mzee Ngole hadi korongoni, na wana-kondoo wawili wakafa. Mzee Ngole aliwaleta ndani ya gunia, akawalaza juu ya meza ya kupigia randa.

"Kastori," alisema, "mimi na marehemu baba yako tulichunga pamoja. Kwa heshima yake leo nimekuja na maneno. Mbwa wako akirudi malishoni kwangu, nitakuletea ngozi yake."

Kastori alimpenda yule mbwa, na alimjua Mzee Ngole kuwa si mtu wa kutishia bure.

Kwenye kiwanda cha mbao alikokuwa akinunua mbao, Kastori aliwahi kuwaona walinzi wakifundisha mbwa kwa mkanda wa umeme. Mkanda huo huvalishwa shingoni, na mwenye mbwa hushika rimoti ndogo. Mbwa akikosea, mtu hubonyeza, na umeme humpiga mbwa shingoni hata akiwa mbali. Mlinzi mmoja aliyekuwa akiacha kazi alimpa Kastori mkanda wake, akamwonyesha namba za nguvu, kuanzia moja hadi nane.

"Akikosea, bonyeza," alimwambia. "Hapo hapo, wala usichelewe."

Nyumbani Kastori aliuweka mkanda kwenye mkono wake, akabonyeza namba moja mbele ya mkewe, Yusta. Aliona mtekenyo tu, kama wa siafu mmoja, akacheka. Lakini kesho yake, Posta alipowaona kondoo akachomoka, namba moja haikumsimamisha, wala namba tatu. Kastori alibonyeza tano. Posta alipiga ukelele ambao Kastori hakuwahi kuusikia ukitoka kwa mbwa, akaanguka, akabingirika majanini.

Siku ya tatu Posta hakuwatazama tena kondoo. Wakipita njiani, alizunguka nyuma ya nyumba na kujibanza huko hadi sauti zao zipotee. Mzee Ngole mwenyewe alikuja kumpa Kastori mkono.

Kijiji kiligawanyika juu ya mkanda ule. Wako waliosema ni afadhali kuliko fimbo, kwani hauvunji mbavu. Wengine walisema ni dhambi kumchoma kiumbe asiyeweza kuuliza amekosa nini. Kastori aliwajibu wote jibu moja, kwamba mbwa wake yu hai.

"Na hilo lilikuwa kweli," Bibi Oresta aliwaambia vijana. "Bila mkanda ule, Posta angekufa mwezi huo huo. Msije mkadhani Kastori alikuwa mtu mkatili."

Kastori na Yusta walikuwa na mtoto mmoja, Anitha, mwenye miaka sita. Kila mchana akirudi shuleni, akiwa amevaa sweta la manjano alilofumiwa na bibi yake, Posta alimkimbilia, akamrukia, akamwekea miguu ya matope kifuani. Anitha alifurahi, na Yusta alifua. Kufua kila siku kwa maji ya baridi ya Itengelo si kazi ndogo, na siku moja Yusta alilalamika. Kastori akaona dawa anayo.

Tangu siku hiyo, Anitha alipotokea kwenye njia na Posta akaanza kukimbia, Kastori alitia mkono kwenye mfuko wa koti lake na kubonyeza. Aliendelea kukaa kwenye kigoda chake, wala hakusema neno. Yusta alimwona.

"Baba Anitha, unamchoma kwa kosa gani? Si anampenda mtoto?"

"Wewe ndiye uliyechoka kufua."

"Nimechoka kufua. Sijasema umpige mbwa."

"Ni mtekenyo tu," Kastori alijibu. "Uliona mwenyewe nilivyojijaribu." Hakumwambia kuwa rimoti ilikuwa bado kwenye namba tano.

Baada ya wiki mbili Posta aliacha kuruka. Mtoto akifika, yeye aliingia chini ya meza na kulala, macho yakitazama pembeni. Watu waliokuja kuchukua milango yao walimsifu kwa utulivu wake, na Kastori alijisikia vizuri.

"Baba, Posta hanitaki," Anitha alisema jioni moja.

"Anakutaka. Sasa ana adabu tu."

Jumamosi asubuhi, Posta alikuwa amelala kwenye kona, kati ya ukuta na rundo la mbao. Anitha, amevaa sweta lake la manjano, alikuja na kiazi kilichochemshwa, akachuchumaa mbele yake, akafungua mikono ili amkumbatie. Kona ile haikuwa na njia nyingine ya kutokea. Kastori, hatua tatu kutoka pale, alisikia mbwa akinguruma kwa sauti ya chini. Hakufikiri. Kidole chake kilikuwa kimezoea, kikabonyeza rimoti mfukoni.

Posta alipiga ukelele na kumrukia Anitha usoni.

Ilikwisha kabla Kastori hajainuka. Mbwa alikuwa amekimbilia shambani, na mtoto alikuwa ameketi kimya, hata kulia hajalia, shavu limefunguka na mkono umetobolewa. Kiazi kilikuwa bado mkononi mwake. Kastori alimbeba hadi hospitali akiwa amevaa aproni ya kazi, na njia nzima aliona kama miguu inayokimbia si yake. Mtoto alishonwa nyuzi kumi na moja, akaanzishiwa sindano za kichaa cha mbwa. Daktari alipouliza mbwa alichokozwa na nini, Kastori alisema hajui.

Mwenyekiti wa kijiji alitaka Posta auawe siku hiyo hiyo. Oresta, ambaye wakati huo ndiye aliyekuwa mganga wa mifugo wa kata, alikataa. Alisema mbwa aliyeng'ata hufungwa siku kumi na kutazamwa, ili ijulikane kama ana kichaa. Posta alirudi mwenyewe usiku, akafungwa kwenye nguzo ya banda, na mkanda ukavuliwa. Kastori ndiye aliyempelekea maji na chakula. Kila alipofika, mbwa alitikisa mkia, akamlamba mkono.

Siku ya nne Oresta alikuja kumkagua, akamkuta ametulia. Alikuwa akiandika daftarini pale Yusta alipotoka na beseni na kuanika nguo. Alipoanika lile sweta la manjano, ambalo damu ilikuwa imelitoka baada ya kulowekwa siku tatu, Posta aliinuka. Mwili wote ulimtetemeka. Alirudi nyuma hadi kamba ikamkaba, meno nje, akilingurumia sweta tupu lililokuwa likitikisika kwenye kamba.

Oresta alifunga daftari.

"Kaka Kastori, mkanda ule ulikuwa ukiubonyeza wakati gani?"

"Alipowakimbilia kondoo."

"Na baada ya kondoo?"

Yusta alisimama na kibanio mkononi, akimtazama.

"Alipomkimbilia mtoto," Kastori alisema.

"Mara ngapi?"

"Kila siku. Wiki mbili."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Hapo barazani. Mkono mfukoni."

"Basi hakukuona ukifanya lolote," Oresta alisema taratibu. "Aliona sweta linakuja, na shingo inaungua. Sweta likiondoka, maumivu yanaisha. Ungekuwa wewe, ungemdhania nani?"

Kastori alimtazama Posta, ambaye bado alikuwa anatetemeka. Kisha akasema lile ambalo hakumwambia daktari, wala mwenyekiti, wala mkewe.

"Jumamosi pia nilibonyeza. Alikuwa ananguruma tu. Nilibonyeza, ndipo akamrukia."

Yusta aliweka beseni chini, akaingia ndani, akafunga mlango. Siku tatu hakuzungumza na mumewe.

Siku ya kumi watu walikusanyika uwanjani kwa Kastori, baadhi na marungu. Posta hakuwa na kichaa, na kwa sababu hiyo wengi walisema ana roho mbaya. Oresta aliwaambia ni mkanda uliomharibu. Mzee Ngole alisimama kuutetea mkanda.

"Mimi sioni kosa la mkanda," alisema. "Kondoo wangu wako salama hadi leo. Ulimfundisha."

"Ulimfundisha kuwaogopa, mzee wangu," Oresta alijibu. "Malishoni alikuwa na pa kukimbilia, akakimbia. Hapa kwenye kona hakuwa na pa kwenda."

Wakaanza kubishana, wengine upande huu na wengine ule, hadi Kastori aliposimama mbele ya mbwa wake. Hakuwa mtu wa kusema mbele za watu.

"Msimpige," alisema. "Aliyemng'ata mwanangu ni mimi. Posta alitoa meno tu. Nilikaa pale, nimeficha kidole mfukoni, nikidhani anajua ni mimi. Mbwa haoni kidole. Humwona aliye mbele yake."

Marungu yaliwekwa chini. Lakini hakuna aliyeweza kumchukua Posta, kwa kuwa mbwa anayeogopa watoto hawezi kukaa penye nyumba, na anayeogopa kondoo hawezi kukaa malishoni. Alasiri hiyo Oresta alimchoma sindano ya kumlaza asiamke tena. Kastori alimshika kichwa magotini. Mpaka pumzi ya mwisho, Posta alikuwa akiulamba mkono ule ule uliokuwa ukibonyeza. Oresta alisema kuwa katika kazi yake yote hakuona jambo lililomshtua kama lile: mnyama alikufa akimpenda aliyemtesa, na akimwogopa aliyemletea kiazi.

Anitha, aliyekuwa kwa bibi yake tangu atoke hospitali, alirudi nyumbani na bandeji shavuni. Alikuta nguzo tupu, akamuuliza baba yake swali ambalo Kastori alikuwa akiliogopa kuliko wale watu wote wenye marungu.

"Baba, kwa nini Posta alinichukia? Nilimfanya nini?"

Yusta alikuwa mlangoni, akisikiliza. Kastori angeweza kusema kwamba mbwa ni mbwa, na mtoto angeamini.

"Hukumfanya kitu," alimwambia. "Kila ulipokuja, mtu alikuwa anamwumiza. Akadhani ni wewe."

"Nani alikuwa anamwumiza?"

"Mimi."

Anitha alimtazama kwa muda mrefu. Hakulia. Alisogea hatua moja nyuma, kisha akaenda kwa mama yake, na Kastori akabaki amechuchumaa pale pale. Ilichukua miezi mingi kabla mtoto hajakubali tena kushikwa mkono na baba yake.

Vijana waliokuwa wamezunguka ndoo ya Bibi Oresta walimfahamu Mzee Kastori, yule seremala asiyefuga kitu, ambaye akisikia mzazi anamwadhibu mtoto bila kumwambia kosa lake, huacha randa na kwenda kuzungumza naye. Sasa walijua kwa nini.

Kijana aliyemchapa mbwa wake aliinama, akamshika taratibu kichwani kutokea mbele, ambako mbwa angeuona mkono. Bibi Oresta alichukua bomba lake la sindano, akainuka.

"Wapo wanaoitumia methali hii kwa wafanyakazi, na wengine kwa watoto," alisema. "Ni ile ile. Anayeumizwa na asichokiona hulipiza kwa anayemwona. Mbwa haoni kidole, humwona aliye mbele yake."