Waliomtia Bi Nyamizi Katika Picha

Hapo zamani, si zile za sungura na fisi, ni hizi za karibuni ambazo gazeti moja lilizunguka mtaa mzima mpaka likachanika, palikuwa na mwanamke akiitwa Bi Nyamizi. Aliishi Unyamwezini, nje kidogo ya mji, pale barabara inapokatiza reli. Kazi yake ilikuwa moja: treni ikija, afunge geti; ikipita, afungue. Kazi hiyo aliianza mumewe. Mume alipofariki kwa homa huko stesheni ya mbali alikotumwa, mke akairithi. Mtoto hawakujaliwa. Jirani wa karibu alikuwa Kashindye, mwanamke wa rika lake, ng'ambo ya shamba la tumbaku.

Upweke una namna zake. Wengine hulia, wengine hunywa. Bi Nyamizi alisema na treni.

"Umechelewa leo! Za Kigoma?"

Treni ilipita. Behewa la mwisho likiondoka, naye alinyamaza hadi ije nyingine.

Siku moja mchora katuni aitwaye Mihayo alikwama pale getini na baiskeli yake, akamsikia. Hakucheka. Alirudi kwake akachora. Kijisanduku cha kwanza: mwanamke na geti. Cha pili: treni. Cha tatu: mwanamke kafungua mdomo. Cha mwisho: reli tupu. Neno hata moja hakuandika. Katuni ikatoka gazetini wiki ile, ikatoka na iliyofuata, watu wakaipenda. Kila msomaji alimtilia yule mama maneno mdomoni. Aliyefiwa alimwona anamwita marehemu. Mwenye mtoto mbali alimwona anauliza habari za mwanawe.

Kisha watu wakaanza kuja. Huyu kaleta viazi, yule kaleta chumvi, mwingine kaja na salamu tu.

"Wewe ndiye mama wa kwenye gazeti?"

"Ndimi."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu ukae."

Bi Nyamizi akanunua mkeka wa pili. Kashindye naye akawa habanduki pale, wanapika pamoja, anamwita dada. Treni zikawa zinapita bila kusemeshwa.

Ndipo akatokea Fikiri, mwongozaji wa filamu. Akamwambia Mihayo, "Nipe huyu mama nimtoe kwenye karatasi, atembee."

Mihayo akafurahi, akakubali. Kwa Bi Nyamizi hakwenda kuuliza.

Fikiri alizisoma katuni zote, akakuna kichwa. Kwenye karatasi msomaji anaweza kukaa na picha bubu asubuhi nzima. Lakini watu wakiketi ukumbini wanataka kujua: anasema nini? Na kwa nini? Basi akaitunga sababu. Katika filamu yake, mwanamke wa geti alimsukuma mumewe relini, na tangu hapo huziita treni zimletee mtu mwingine. Akampelekea Mihayo mswada. Mihayo alifungua ukurasa wa kwanza, akaona jina lake, akasema, "Endelea tu."

Mwigizaji alikuwa Devota, binti mwenye kipaji hasa. Alikwenda kuishi kwa Bi Nyamizi ili ajifunze. Akajifunza jinsi anavyofunga kitenge, jinsi anavyoegemea geti, jinsi anavyovuta pumzi kabla ya kusema. Bi Nyamizi akampenda, akamwita mwanangu, akamwambia jambo ambalo hata Kashindye hakuwahi kulisikia.

"Asubuhi ile alipoondoka tulikuwa tumegombana, mwanangu. Alisimama mlangoni akaningoja. Nikamgeuzia mgongo. Sikumuaga. Ndiyo maana sasa kila kinachoondoka nakisemesha."

Devota alilia naye. Kisha akaenda kuigiza, na muuaji wa kwenye filamu akasema kwa sauti ileile, kwa pumzi ileile: "Sikukuaga, mume wangu."

Filamu ikaonyeshwa mjini. Watu walipiga mayowe, wakashikana mikono, wakapiga makofi hadi basi. Bi Nyamizi hakuwapo; geti haliachwi.

Kesho yake alitandika mikeka yote miwili. Hakuja mtu. Siku iliyofuata hakuja mtu. Wanawake wa kuni wakaanza kuvukia reli mbali, kwenye miiba. Mtu akarusha jiwe juu ya bati, akapaza sauti: "Muuaji wa mume! Tumekuona kwenye filamu!" Sokoni watu walimzunguka Kashindye: "Wewe jirani yake. Ni kweli?"

Kashindye alikaa matanga ya yule mume. Alijua alivyokufa. Lakini aliona macho yalivyomtazama, akaogopa naye kutengwa. Akasema, "Ya watu mimi nitayajuaje?" Na tangu siku hiyo hakuvuka tena lile shamba.

Bi Nyamizi akarudi kwenye treni zake. Treni ikaja, akafungua mdomo, akaufunga. Sasa alijua kwamba watu husikiliza. Ikapita, reli ikabaki tupu, na mama yule hata neno la kumwambia mtu au chuma hakuwa nalo.

Habari zikamfikia Mihayo. Akawachukua Fikiri na Devota, wakaja kuomba radhi. Njia nzima walitupiana lawama.

"Mimi nilichora mdomo," alisema Mihayo. "Maneno mmeyatia ninyi."

"Nilikuletea mswada! Ulinikataza?" alisema Fikiri.

"Mimi nilisema nililopewa," alisema Devota.

Kashindye aliwaona wakipita, akawafuata nyuma kimyakimya. Wakabisha hodi. Mlango ulikuwa na komeo.

"Nani?"

Wakajitaja, mmoja mmoja.

"Nimewasikia mkitupiana tangu huko njiani," alisema Bi Nyamizi. "Moyo wangu umebaki na nafasi ya mtu mmoja. Aingie aliyenikosea kuliko wote. Mwenye kosa dogo atapona bila mimi. Wengine nendeni, msirudi."

Wakatazamana. Wale waliokuwa wakilikimbia kosa, sasa kila mmoja akalikimbilia.

"Ni mimi, mama," alisema Mihayo. "Ulikuwa na siri yako na treni, nikaitoa gazetini. Hao wasingekujua. Nikakugawa kama kitu changu, na hata kusoma sikusoma."

"Ni mimi," alisema Fikiri. "Yeye hakujua. Mimi nilijua kuwa u hai, nilijua ni uongo. Nilitaka ukumbi upige mayowe, basi."

Devota alipiga magoti kwenye kokoto. "Mama, hao hawakula chakula chako. Hawakuitwa mwanangu. Uongo wa Fikiri watu wangeusahau njiani wakirudi makwao. Wameuamini kwa sababu niliutia sauti yako."

Kashindye hakusogea mlangoni. Aliketi chini palepale alipokuwa.

"Dada, hawa waliwadanganya watu wasiokujua. Mimi nilikuwa nakujua. Neno moja langu pale sokoni lingetosha. Sikulisema."

 

Komeo likasogea kidogo, likasimama. Mama yule alikuwa bado anasikiliza.

Aliyenisimulia aliishia hapo, nami siwezi kuwafungulia mlango usio wangu. Mlango ni wa kufunguliwa mtu mmoja tu, na wanaobaki nje watakwenda zao na kosa lao bila kusamehewa. Basi msinijibu kwa pupa, wenzangu. Kati ya aliyemchora bila kumuuliza, na aliyemtungia uongo, na aliyeupa uongo sauti ya mama yule, na aliyeujua ukweli akaumeza, je, nani alistahili kufunguliwa?