Daktari Fisi na Ukoo Bora wa Bi Mashavu

Paukwa!

Pakawa!

Hao wa nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, nguruwe walikuwa wanyamavu. Ukimshika sikio, kimya. Ukimshika mkia, kimya. Walikaa kando ya mto, wakila maboga na kulala topeni. Miongoni mwao alikuwako nguruwe jike, jina lake Bi Mashavu. Alikuwa na watoto watatu: Pindo, Tope na Kidoti. Wanono, wanono, wanono!

Bi Mashavu alikuwa na ugonjwa mmoja tu. Alipenda kusifiwa.

Siku moja akaja Fisi. Hakuja mbio, hakuja akicheka. Alikuja polepole, chwa, chwa, chwa, kamba ya mgomba shingoni.

"Siku hizi niiteni Daktari Fisi," akasema. "Natafiti mbegu za nguruwe. Nataka kujua ni ukoo gani wenye nyama bora kuliko zote."

"Bora kwa nani?" akauliza Ngiri, aliyekuwa akipita zake. Nasema ngiri, yule mwenye meno yaliyopinda juu na mkia uliosimama akikimbia. Sisemi nguruwe-mwitu. Watu huwachanganya. Ninyi msiwachanganye.

"Bora kwa taaluma," akajibu Fisi.

Akamtandazia Bi Mashavu kamba mgongoni. Akamminya paja. Akameza mate, gubu!

"Bibi, babu yako nani?"

"Babu yangu ni Tumbo-Chini, mwana wa Kishindo, mwana wa Mla-Magimbi."

"Inaonekana! Inaonekana hapa pajani! Nipe mtoto mmoja nikampime kituoni, nyuma ya kichuguu kile. Huko liko jopo la wataalamu: mimi, Chui na Tai. Wawili watabaki kuwa mbegu."

Ngiri akamvuta Bi Mashavu pembeni. "Dada, ulaini wa nyama hupimwaje, mwenye nyama akiwa mzima?"

"Wivu huo! Wewe na mifupa yako hiyo, nani atakupima?"

"Hakuna," akasema Ngiri. "Na ninamshukuru Mungu."

Pindo akatolewa. Fisi akamwongoza taratibu, akimwimbia:

*Tulia, kinono, tulia,*
*Njia si mbali, tulia,*
*Daktari yupo, tulia.*

"Mbona unamwimbia?" akauliza Bi Mashavu.

"Asiogope, bibi. Hofu huharibu vipimo."

Wimbo ukaenda, ukaenda, ukafika nyuma ya kichuguu. Ukakatika.

Kesho yake Fisi akarudi, tumbo mbele. Mkononi ana shada la maua ya maboga. Akamvika Bi Mashavu mbele ya majirani wote.

"Hongera! Nyama laini! Mafuta yamesambaa vizuri! Rangi kama ua! Matokeo yanatia moyo. Ila utafiti zaidi unahitajika."

"Na Pindo yuko wapi?"

"Pindo ameingia ndani kabisa ya utafiti, bibi. Sasa nipe Tope. Kidoti atabaki kuwa mbegu."

Majirani wakapiga makofi. Wengine wakanuna, kwa nini wao hawapimwi. Bi Mashavu akanyoosha shingo ili shada lionekane. Tope akatolewa. *Tulia, kinono, tulia.* Wimbo ukakatika.

Lakini mama ni mama. Jua lilipopanda akawaza: wanangu wamekula nini huko kituoni? Akachukua boga, akalisukuma kwa pua mpaka kichuguuni. Akasikia sauti ya Chui, imekasirika.

"Daktari, huyu wa leo hukumwimbia vizuri! Ameshtuka mwishoni. Onja mwenyewe: nyama imepauka, inatoka maji!"

"Yule wa jana alikuwa safi," akasema Tai, akifuta mdomo. "Huyu simpigii kura."

"Nisameheni, wenzangu," akasema Fisi. "Wa tatu nitamwimbia mpaka mwisho."

Boga likabingirika, bingiri, bingiri, likaingia mtoni. Bi Mashavu akageuka. Akakimbia. Alipofika nyumbani, Fisi naye huyo nyuma yake, anapangusa meno.

"Hongera tena, bibi! Matokeo yanatia moyo, ila utafiti zaidi unahitajika. Nimemfuata Kidoti. Ukimtoa, utaitwa Mama wa Mbegu Bora."

"Mtoe, jirani!" wakasema majirani. "Ni heshima ya kijiji!"

Fisi akamshika Kidoti sikio. Akaanza: *Tulia, kinono...*

Bi Mashavu akafungua kinywa. KWIIIII! Kidoti akashtuka: KWIIII! Majirani wakashtuka: KWII! KWII! KWII! Kijiji kizima. Wimbo haukusikika tena. Chui na Tai wakaja mbio kutazama.

Chui akagusa paja la Kidoti. Linatetemeka, tete, tete, tete. "Imeharibika hii. Itatoka maji. Haifai."

"Si tungeonja kidogo tu?" akasema Fisi.

"Daktari! Mtaalamu mzima, ule nyama ya daraja la mwisho?"

Tai akacheka. Fisi akaona haya. Fisi huyu huyu, ambaye mwaka uliopita alitafuna ngozi ya ngoma na mpini wa jembe! Akajikohoza. Akamwachia Kidoti. Akakunja kamba yake.

"Utafiti umeahirishwa," akasema. Akaenda zake na udaktari wake, tumbo likilia kururu, kururu.

Bi Mashavu akalivua lile shada, akalitafuna, akalitema. Kisha akakaa akitazama kichuguu. Pindo hakurudi. Tope hakurudi. Ngiri akaja, akakaa karibu yake.

Tangu siku hiyo Bi Mashavu akawafundisha nguruwe wote. Ndiyo maana hata leo ukimshika nguruwe, hata kwa kumbembeleza, hata kwa kumpa boga, hupiga kelele mpaka kijiji cha pili kisikie.

Basi anayekusifu, muulize kwanza sifa hizo amezipimaje, na amempima nani kabla yako. Hadithi yangu imekomea hapo, penye kelele. Anayetaka kimya amtafute Daktari Fisi.